Daktari Bonge na Vijana wa Sombetini

Swali lilitoka nyuma, kwa kijana aliyekuwa amekaa upande juu ya pikipiki yake huku akitafuna muwa.

"Daktari, samahani lakini. Haya mazoezi unayotuhubiria hapa, wewe mwenyewe unayafanya lini?"

Kijiwe kizima kiliangua kicheko. Wengine walipiga honi. Muuza chipsi wa jirani aliacha kugeuza viazi ili asipitwe na jambo.

Dk. Evaresta alisimama pale mbele yao, kando ya barabara ya vumbi ya Sombetini, mkononi ameshika picha kubwa ya moyo wa binadamu. Alikuwa mwanamke mnene. Unene wake haukuwa wa kufichwa na gauni pana wala koti la kizungu, na yeye hakuwahi kujaribu kuuficha. Tangu asubuhi alikuwa akiwaeleza waendesha bodaboda kuhusu utafiti wake: alitaka kujua mioyo na mapafu ya vijana wanaokaa juu ya pikipiki kutwa nzima, siku baada ya siku, vinafanya kazi vipi. Aliomba wajitolee kwenda chuoni kupimwa. Hakuna aliyejiandikisha.

Kicheko kilipopungua, watu waligundua kwamba daktari naye alikuwa anacheka.

"Jina lako nani, kaka?"

"Solomoni."

"Solomoni, mimi nafanya kila asubuhi, kabla wewe hujawasha hiyo pikipiki. Unataka kuona?"

"Kuona vipi?"

"Jumamosi. Twende Nkoaranga. Tunaanzia chini, barabara kuu, tunapanda kwa miguu mpaka ukingo wa msitu wa Meru. Nyinyi wote na mimi. Atakayetangulia kufika juu kabla yangu, simsumbui tena maishani. Nitakayemwacha nyuma, anakuja kupimwa. Imekwisha hiyo."

Honi zililia tena, safari hii kwa nguvu zaidi. Mwenyekiti wa kijiwe, Lerionka, kijana mrefu mwembamba, alisogea mbele. Alikuwa mwenyeji wa upande wa magharibi wa mlima, kwenye familia ya wafugaji, na alikuwa na tabia ya kusema polepole.

"Daktari, mimi nimekimbiza ng'ombe tangu nikiwa na umri wa kuvaa kaniki. Usije ukasema hatukukuonya."

"Sitasema," alijibu Evaresta. "Njoo na maji ya kunywa."

Aliondoka pale moyo ukimdunda kwa furaha. Alijua wameingia mtegoni, ingawa alijua pia kwamba yeye mwenyewe angeweza kunaswa.

*

Evaresta alizaliwa Arusha, katika familia ya Kikatoliki iliyotoka Kibosho. Baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na mama yake, Hedwiga, alikuwa mwalimu. Tangu utotoni alikuwa na mwili mkubwa na alikuwa na mbio. Watu waliona la kwanza tu. Alipokuwa sekondari, mwalimu wa michezo alimtoa kwenye mstari wa mbio ndefu mbele ya shule nzima, akamwambia akakae kwenye meza ya maji awagawie wenzake. Aligawa maji. Jioni ile ile, uwanja ulipobaki mtupu, akazunguka peke yake mpaka mlinzi akaja kumfukuza.

Miaka mingi baadaye, akiwa masomoni Ulaya, mwalimu wake alihitaji mtu wa kujaribia mashine mpya. Evaresta alijitolea kwa mzaha. Alivishwa barakoa ya mpira iliyounganishwa na bomba, akapanda kwenye mkanda wa kukimbilia, na mwalimu akawa anaongeza kasi na mwinuko huku akitazama kioo cha mashine. Aliongeza. Akaongeza tena. Mwishowe akaenda kuwaita wenzake wa chumba cha pili waje kuona. Mapafu na moyo wa binti yule mnene kutoka Tanzania vilikuwa vinavuta hewa na kusukuma damu kama vya mwanariadha.

"Umekuwa ukifanya mazoezi gani?" walimuuliza.

"Nakimbia jioni, watu wakishaondoka," alijibu.

Usiku ule hakupata usingizi. Alikuwa ameenda kule kusomea lishe; kesho yake aliomba kuhamia fiziolojia ya mazoezi, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi unapokazana. Alitaka kujua kwa nini macho ya watu yanakosea hivyo kuhusu mwili, na kama yanawakosea wanene, je, yanawakosea pia wembamba? Swali hilo la pili ndilo lililomrudisha nyumbani. Arusha ilikuwa imejaa pikipiki. Vijana waliokulia kwenye mashamba na malisho, waliokuwa wakitembea tangu alfajiri, sasa walikuwa wanakaa. Walikuwa wembamba bado, na kwa sababu hiyo hakuna aliyewaangalia mara mbili.

*

Jumamosi ilikucha na ukungu mzito. Evaresta alifika pale chini akakuta pikipiki zimepangwa mstari mrefu kama kuna msiba wa mtu mkubwa. Kijiwe chote kilikuja, na wengine kutoka Daraja Mbili waliosikia habari. Walivaa kila namna ya viatu: raba, kandambili, na mmoja buti za mvua. Joyce, muuguzi aliyeajiriwa kwenye mradi na ambaye kwao ni Nkoaranga huko huko, alikuwa amebeba begi lenye kipimo cha presha na sukari ya glukosi.

"Wamekunywa chai?" Evaresta alimnong'oneza.

"Wengine wamekunywa soda tu. Nimewaambia, hawasikii."

Lerionka alipiga kofi moja, na vijana wakafyatuka.

Walipanda kama mbuzi waliofunguliwa. Vumbi halikuwepo, ilikuwa tope tupu, wakateleza na kucheka na kusukumana, na katika dakika chache Evaresta alibaki nyuma na Joyce na ukungu. Hakubadilisha mwendo. Alipiga hatua fupi fupi, akivuta hewa kwa pua na kuitoa kwa mdomo. Njia ilipita katikati ya migomba na mibuni, ikavuka mfereji wa maji, ikasimama wima kama ngazi. Akina mama wa Kimeru waliokuwa wanashuka na mikungu ya ndizi kichwani walimpisha kwa mshangao.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanetu. Mnakimbizwa na nani?"

"Na Jumamosi!" alijibu Evaresta, na mama mmoja akacheka mpaka akalazimika kuushika mkungu wake.

Kwenye kona ya kwanza yenye mwinuko mkali aliwakuta watatu wamekaa kwenye gogo. Hawakumtazama usoni. Mbele kidogo wengine walikuwa wameinama, mikono magotini, mmoja akitapika soda yake kwenye majani ya kahawa. Evaresta aliwapita akiwaambia, "Pumueni taratibu, msikae ghafla," na akaendelea. Alisikia mtu nyuma yake akisema, "Jamani, bonge huyo anapita!" na mwingine akijibu, "Nyamaza, tunza pumzi."

Alikuwa anawapita mmoja mmoja. Kifua chake kilikuwa kinawaka, jasho linamchuruzika machoni, na ndani yake kulikuwa na shangwe ambayo hakuwa ameisikia tangu alipokuwa msichana anayezunguka uwanja mtupu. Safari hii uwanja haukuwa mtupu. Watoto wa Nkoaranga walitoka kwenye nyua, wakapanga mstari kando ya njia, wakaanza kumshangilia bila hata kujua kinachoendelea.

"Mama, kaza! Mama, kaza!"

Walipofika mahali ambapo mashamba yanakwisha na miti mikubwa inaanza kuonekana juu, walikuwa wamebaki watatu. Solomoni alikuwa mbele, anapepesuka lakini anakwenda. Nyuma yake Lerionka. Kisha Evaresta, na kila hatua akimsogelea Lerionka. Alimfikia. Wakawa bega kwa bega. Lerionka alimtupia jicho, akatabasamu kidogo, akajaribu kuongeza mwendo.

Ndipo magoti yake yakaisha nguvu.

Hakuanguka kwa kishindo. Alishika mgomba, akateleza nao, akakaa chini kwenye tope. Uso wake mweusi ulikuwa na rangi ya majivu.

"Nenda," alisema. "Nenda, daktari. Niko sawa."

Evaresta alitazama juu. Solomoni alikuwa amesimama, anahema, hatua chache tu za kufikiwa. Angeweza kumpita. Watoto wote walikuwa wanapiga kelele.

Alipiga magoti kwenye tope pale pale, akamshika Lerionka mkono.

"Kifua kinabana?"

"Kidogo. Na kichwa. Kichwa kinagonga."

"Joyce! Leta begi!"

Walimlaza, wakamwinua kichwa, wakampa maji kidogo kidogo. Joyce alimfunga kipimo mkononi. Walisubiri mapigo yatulie, wakapima. Wakasubiri tena kwa muda mrefu zaidi, wakapima tena. Evaresta na Joyce walitazamana. Presha ya kijana yule mwembamba, aliyekuwa amelala kimya akiwa amepumzika, ilikuwa ya juu kuliko ya wazee wengi.

"Umewahi kupimwa presha, Lerionka?"

"Presha ni ya watu wa—" alianza kusema, akasita, akautazama mwili wa daktari, akaona aibu.

"Sema tu. Ya wanene."

"Nisamehe, dada."

"Utaniomba msamaha ukishapona. Inuka taratibu, tunashuka hospitali."

Juu kule, Solomoni alifika kwenye miti ya kwanza, akanyoosha mikono na kupiga ukelele wa ushindi. Alipogeuka hakukuta mtu wa kumwona. Wenzake wote walikuwa wanateremka, wamemshikilia mwenyekiti wao pande zote mbili, na mbele yao daktari mnene akiwaonyesha pa kukanyaga.

*

Lerionka alitazamwa na daktari wa zamu, akaandikiwa dawa za presha na kuambiwa arudi kliniki. Jumatatu, kabla Evaresta hajafungua mlango wa maabara chuoni, alikuta pikipiki zimejaa uwanja mpaka mlinzi amechanganyikiwa.

"Mwenyekiti ametuamuru," alisema Solomoni, ambaye kwa haki yake hakupaswa kusumbuliwa tena maishani. "Kila mtu apimwe. Na mimi pia, japo nilishinda."

"Ulishinda kweli," alisema Evaresta. "Ingia wa kwanza."

Siku zilizofuata maabara iligeuka uwanja wa mpira. Mmoja akivishwa barakoa na kupanda kwenye mkanda, wengine walijazana dirishani wakimshangilia. "Ongeza! Bado bado! Usituaibishe!" Waliposhuka, miguu inatetemeka, walikimbilia kioo kuangalia mstari wa pumzi zao kama watu wanaotazama marudio ya goli. Evaresta aliwaeleza kila mmoja maana yake: hiki ndicho kiasi cha hewa mwili wako unachoweza kutumia ukikazana, hapa ndipo moyo wako ulipoomba msamaha.

Na matokeo yalimsisimua mpaka akaogopa. Kijana baada ya kijana, wembamba, wenye nguvu za kunyanyua gunia, walikuwa na pumzi za watu waliowazidi umri mara mbili. Wengi walikuwa na presha iliyoanza kupanda. Hakuna aliyejua. Evaresta alirudi kwenye takwimu zile mara nyingi, akizigeuza huku na huku kutafuta alipokosea.

Profesa Abdiel, mkuu wa idara, aliamini kwamba amekosea.

Alikuwa mzee nadhifu, mwembamba, mwenye suti zilizomkaa vizuri, na ndiye aliyemwajiri Evaresta. Alimwita ofisini, na juu ya meza yake simu ilikuwa inaonyesha video. Kijana mmoja wa kijiwe alikuwa amerekodi kule mlimani. Evaresta alijiona kwenye kioo kidogo, tope mpaka magotini, anawapita vijana, na sauti ikisema, "Daktari bonge anatuua!" Mji mzima ulikuwa umeiona.

"Evaresta, hili si jambo la chuo."

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Kaa. Sikiliza, mimi nakuheshimu. Lakini kamati ya utafiti inakutana wiki ijayo kuamua kama mradi huu unaendelea. Kwanza, matokeo yako hayaingii akilini. Vijana wembamba, wanaofanya kazi ngumu, wawe na mioyo ya wazee? Mashine hiyo haijakaa sawa. Pili..." Alitafuta neno. "Pili, nafikiri Hans ndiye azungumze mbele ya kamati. Yeye ni mkimbiaji. Watu wakimwona, wanaona mazoezi."

Hans alikuwa mhadhiri kijana wa idara hiyo hiyo, mwembamba kama ufito, mshiriki wa mbio ndefu. Evaresta alimpenda kama mdogo wake. Lakini maneno yale yalimpeleka moja kwa moja kwenye ile meza ya maji. Alisikia damu ikimpanda masikioni. Angeweza kulia, na angeweza kupiga kelele. Badala yake wazo lilimjia, na lilikuwa zuri kiasi kwamba alishindwa kuzuia tabasamu.

"Profesa, Hans alipimwa mwaka jana, si ndiyo? Kwenye ile maabara kubwa ya Afrika Kusini, alipoenda kwenye mafunzo."

"Ndiyo. Na matokeo yake yako kwenye faili. Mazuri sana."

"Sijawahi kuyaona. Basi tumpime hapa, kwa mashine yangu, wewe ukisimama pembeni na hiyo karatasi mfukoni. Mashine yangu ikisema vingine, nafunga mradi mwenyewe. Ikisema vile vile, nasimama mimi mbele ya kamati. Kwa mwili huu huu."

Profesa Abdiel aliizima ile video. Kisha, kwa mara ya kwanza siku ile, alionekana kuvutiwa.

"Leo?"

"Sasa hivi."

Habari zilikimbia kuliko wao. Walipofika maabara, dirisha lilikuwa limeshajaa vichwa vya waendesha bodaboda, Lerionka akiwa katikati, amekatazwa kukimbia lakini hakukatazwa kutazama. Hans alifunga kamba za raba zake. Evaresta alimvisha barakoa mwenyewe, akawasha mkanda.

Hans alikimbia kama maji yanavyotiririka. Evaresta aliongeza kasi, akainua mwinuko, akaongeza tena. Nje hakuna aliyeshangilia. Wote walikuwa wamebana pumzi. Mwishowe Hans aliinua mkono, mkanda ukapunguzwa, na mashine ikaanza kuchapa. Evaresta hakuitazama karatasi. Aliichomoa na kumkabidhi Profesa.

Profesa Abdiel alitoa ile ya mfukoni. Akavaa miwani. Akaziweka karatasi mbili sambamba mezani, akaweka kidole kwenye moja, kisha kwenye nyingine. Akavua miwani.

"Zinalingana," alisema.

"Kabisa?" aliuliza Hans, bado anahema.

"Kama zimetoka kwenye mashine moja."

Dirisha lililipuka. Watu walipiga mabati, walipiga honi, Joyce alimkumbatia Evaresta hadi miguu yake ikaacha sakafu kwa sekunde moja, jambo ambalo yeye mwenyewe baadaye alikataa kuamini kwamba aliliweza. Katika kelele zile hakuna aliyemwona Profesa Abdiel akivua koti lake na kulitundika taratibu kwenye kiti.

"Nipandisheni na mimi," alisema.

Walimpandisha. Alishuka mapema sana kuliko alivyotarajia, akaomba maji, akatazama mstari wake kwenye kioo. Halafu akamgeukia Evaresta.

"Hao vijana hukutana siku gani kupanda?"

"Jumamosi, Profesa. Tunaanza upya wiki hii, polepole, kwa utaratibu wa daktari."

"Nitanunua raba," alisema.

*

Evaresta alisimama mbele ya kamati kwa gauni lake jekundu la kitenge, akazungumza bila kusoma. Hakuna aliyemwangalia mwili. Wote walikuwa wanaangalia ukutani, kwenye mistari ya pumzi za vijana wa Sombetini. Mradi ulipita. Ulipewa na sehemu ya pili ambayo hakuwa ameiomba: kuwafundisha vijana wale mazoezi na kuwapima tena.

Ilikuwa kazi ya jasho. Kila Jumamosi walipanda Nkoaranga, mwanzo mpaka mferejini tu, kisha mpaka kanisani, kisha juu zaidi. Siku za kazi walikubaliana kijiweni kwamba anayengoja abiria hakai juu ya pikipiki, anasimama au anatembea, na anayekutwa amekwenda dukani kwa pikipiki anaimbiwa wimbo wa kumcheka mbele za watu. Lerionka ndiye aliyekuwa wa kwanza kuimbiwa. Solomoni aliacha muwa na soda kwa wakati mmoja, akalalamika mwezi mzima. Wengine walikata tamaa, wakarudi, wakakata tena. Mvua za masika ziliharibu njia, wakapanda hivyo hivyo, na akina mama wa Nkoaranga waliowazoea waliwauzia ndizi za kuchoma na kuwacheka wakiteleza.

Siku ya kupimwa upya, Lerionka alikuja na mke wake, Namelok, mwanamke mfupi mnene mchangamfu aliyeuza mboga sokoni Daraja Mbili. Lerionka alikuwa ameruhusiwa na daktari wake kupanda mkanda tena, presha yake ikiwa imeteremka na kutulia. Alivaa barakoa, akamkonyeza mkewe, akaanza.

Alipita pale alipokuwa ameishia mara ya kwanza, dawa zilipoanza kumtuliza, na chumba kikaanza kuunguruma. Akaendelea. "Kaza, mwenyekiti!" Akaendelea tena, shingo imekaza, macho yametulia mbele kama anayefuata ng'ombe aliyepotea. Evaresta alikuwa ameshika kitufe cha kasi cha mashine kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anapiga meza kama mwenda wazimu. Lerionka alipoinua mkono hatimaye, mstari wake ulikuwa umepanda kiasi kwamba kioo kilibidi kijirekebishe ili uonekane wote.

"Vipi?" aliuliza akivua barakoa, jasho likimtiririka. "Vipi, dada? Sema!"

"Umekuwa kijana," alisema Evaresta.

Hakuwa yeye peke yake. Mmoja baada ya mwingine, mistari ilipanda. Jambo lililomshangaza Evaresta zaidi ni mizani: uzito wao haukuwa umebadilika, ama ulibadilika kidogo sana. Ukiwatazama barabarani ungeapa ni wale wale. Ndani walikuwa watu wengine. Lile swali alilorudi nalo kutoka Ulaya lilikuwa limepata jibu, na jibu lilikuwa na majina na nambari za pikipiki. Profesa Abdiel, aliyekuwa anangoja zamu yake na raba nyeupe zilizochafuka tope la Nkoaranga, alimwambia aanze kuandika makala jioni hiyo hiyo.

"Jioni hii nalala," alisema Evaresta. "Kesho."

Alikuwa anafunga maabara Namelok alipomfuata. Mumewe alikuwa uwanjani anazungukwa na wenzake, anasimulia kila hatua upya.

"Daktari, nina swali."

"Uliza, mama."

"Hawa wanaume mmewapima, mmewapandisha mlima, wamekuwa vijana. Sawa. Sisi wa sokoni, ambao tukipita watu wanasema tumenenepa kwa raha, moyo wangu mimi ukoje? Au mpaka niendeshe bodaboda?"

Evaresta alicheka, akataka kumpangia siku, kisha akaona Namelok anatazama nyuma yake. Nje ya geti, kwenye kivuli cha ukuta, walikuwa wamesimama akina mama wa Daraja Mbili, kundi zima, wengine na khanga kiunoni, wengine bado na vikapu vya mboga. Mmoja alikuwa ameshavua viatu.

"Nimewaambia waningoje kwanza nikuulize," alisema Namelok. "Wamekataa kungoja."

Uchovu wote ulimtoka Evaresta. Alirudisha ufunguo mlangoni, akauzungusha, akawasha taa, akamwita Joyce kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani.